Mplamu wa Kona ya Kanisa

Garrow ya Juu,
9 Juni 1991

Kaka Hedley,

Salamu kutoka huku juu, ambako jua linaingia kazini saa nne na kutoka saa tisa, kama mkubwa wa ofisi. Mimi mzima. Goti linalalamika, silisikilizi. Mbwa amezeeka mpaka anabweka akiwa amekaa. Binamu yetu Ida ameolewa tena, mara ya tatu, na safari hii bwana harusi ana meno yake mwenyewe. Nimempelekea chupa nne za jemu. Lindsay yupo, anamsalimu mjomba wake.

Sasa neno lenyewe. Unajua sakitu, ule umande wa barafu, ilinichomea maua mwaka juzi, ikarudi mwaka jana kama mgeni aliyesahau kofia. Ulikuja ukaona: mitufaha mia tatu na arobaini, matunda ya kujaza ndoo mbili. Mwaka huu ikichoma tena, nimeshasema na mwenye trekta. Miti itang'olewa yote, hata ile ya Baba. Sikutishi, Hedley. Nina miaka sitini na moja, nilizaliwa humu shambani, na tangu mume wangu Vern afariki miti hii ndiyo inayonifanya niinuke kitandani.

Kwa hiyo nakuomba uanze matembezi yako sasa, usingoje Agosti. Huko pwani machipuko yanapita mlangoni kwako kwanza ndipo yapande huku. Hesabu ni ileile ya Baba: ua la kwanza la mplamu wa kona ya kanisa, kisha siku arobaini na moja, mitufaha yangu inafunguka. Mplamu ukichelewa, napogoa Julai, katikati ya kipupwe, kama kawaida. Ukiwahi, makasi siyagusi, maana mti uliopogolewa katika kipupwe cha joto hukurupuka, na ua likifunguka Septemba sakitu inalikuta uchi.

Wewe ndiye jicho langu. Usinitumie maneno matamu, nitumie tarehe.

Merle


Bandari ya Garrow,
23 Juni 1991

Dada Merle,

Barua yako imetembea siku tisa katika njia ya kilomita arobaini na mbili. Dudley wa posta anasema kulikuwa na foleni. Sikumuuliza ya nini. Mimi nimo salama, kifua kimetulia, na paka wa jirani amehamia kwangu bila kuleta barua ya utambulisho. Ningekupigia simu, lakini katika ukoo wetu simu ikilia watu wanatafuta nguo nyeusi.

Nimetembea leo mitaa yote minne, hadi gatini na kurudi. Haya ndiyo niliyoyaona. Vyura wa mtaro wa shule wanaimba, lakini hao huimba hata msibani. Kitwitwi wanazunguka uwanja wa kriketi wawili wawili, hawajataga. (Hilo la kitwitwi ni la mwishoni, unakumbuka Baba: vifaranga vikianza kutembea, sakitu imekwisha, laleni.) Muwati nyuma ya uwanja umepata unga wa njano kwenye tawi moja, upande wa jua. Tawi moja ni umbea, si habari.

Kwenye mplamu nilisimama muda mrefu, pua imegusa tawi. Nesta wa nyumba ya pili akapita na mkokoteni wake wa sokoni.

"Hedley, unausalimia au unaunusa?"

"Nasoma gazeti, mama."

"Basi geuza ukurasa, unaziba njia."

Ukurasa hauna kitu bado. Matumba ni kama vichwa vya njiti za kiberiti, yamekaza. Ngoja Jumapili ijayo.

Kakako,
Hedley


Hobart, wodini,
14 Julai 1991
(Haikutumwa)

Dada Merle,

Nimeanguka. Jumapili ile ile niliyokuambia ungoje, tarehe thelathini, nilipanda ngazi za kanisa nipate kuona matawi ya juu ya mplamu, nikakanyaga jani lililolowa. Sijawahi kupanda ngazi zile tangu harusi yako. Wacha waseme ni hukumu. Nyonga imevunjika. Wametia chuma. Nitakaa hapa hadi Septemba, labda zaidi. Dudley nimemwomba anielekezee barua zako huku, naye amekula kiapo cha posta.

Dirisha langu linatazama ukuta. Ukuta una bomba. Bomba halichipui.

Mplamu unafanya nini sijui. Ningemuuliza Nesta, lakini kumwambia Nesta jambo ni kulitangaza redioni, ungelisikia kabla ya chai, ungefunga mzigo ukaja. Ulikuja hivyo hivyo kwa Mama alipolazwa mwaka wa sabini na moja. Ulikaa kitini miezi mitatu, uliporudi ukakuta matufaha yameoza chini ya miti. Sitaki kuwa wa pili.

Na kwa kuwa barua hii naona haitafika sanduku la posta, niseme na lililobaki. Nilitoka shambani nina miaka ishirini na mbili nikakuachia wewe kila kitu: miti, Baba, tope. Kazi pekee niliyowahi kulifanyia shamba lile ni kutembea mitaa minne kila Jumapili na kuangalia. Nikisema siwezi hata hiyo, mimi ni nani wenu?

Kitabu cha Baba, kile cha maua na sakitu za kila mwaka, kimo mfukoni mwa koti. Nimekisoma chote mara tatu. Mwaka wa 1946 ulikuwa mwaka mzuri. Kila kitu kilichelewa, na mavuno yalijaa mpaka ndani ya bafu.


Bandari ya Garrow,
14 Julai 1991

Dada Merle,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mafua. Paka mzima, Nesta mzima kupita kiasi.

Usiwe na wasiwasi. Huu ni mwaka wa baridi. Muwati ule ulijuta, umerudi kijani. Vyura wamenyamaza. Mplamu umefumba kama ngumi ya mchoyo siku ya sadaka. Kwa maoni yangu hautafunguka kabla ya Agosti thelathini.

Pogoa tu.

Hedley


Garrow ya Juu,
29 Julai 1991

Kaka,

Barua imefika, nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Ahsante. Hujui nilivyokuwa nimebana pumzi tangu Juni.

Tumemaliza nusu ya chini, miti mia mbili. Lindsay ana nguvu kama baba yake na anakula kama wawili. Nusu ya juu, ile mia na arobaini ya Baba, tutaanza wiki ijayo Mungu akipenda. Ida ameshagombana na mumewe mpya juu ya nani amezaliwa kwanza.

Mambo mawili yananikwaruza, nawe utanicheka. La kwanza, jana saa sita mchana nilikuta nyoka juu ya rundo la kuni, ameota jua. Nyoka, Hedley, mwezi wa Julai. Nikampigia kelele, akanitazama kama mimi ndiye nimechelewa. La pili, bahasha yako ina muhuri wa Hobart. Umekwenda Hobart kufanya nini, na mafua?

Huku hewa ni laini mno. Mbwa amelala nje usiku tatu mfululizo. Lakini wewe ndiye uliyeuona mplamu, mimi nimeona nyoka tu.

Niandikie upesi.

Merle


Bandari ya Garrow,
11 Agosti 1991

Dada Merle,

Muhuri usikutie shaka. Posta wamebadili utaratibu, barua zote za pwani siku hizi zinapelekwa Hobart kugongwa, kisha zinarudishwa. Dudley anasema ni ufanisi. Mimi natembea kila siku sasa, asubuhi na jioni, polepole, kama mtu mwenye busara.

Nyoka wa kuni si nyoka wa majira. Amefukuzwa na panya. Mplamu bado. Kunguru wa mabaka hawajaanza kuchukua vijiti vya viota, Dudley anapita na baiskeli yake bila kudonolewa kichwa. Kama kungekuwa na machipuko kichwa cha Dudley kingejua kabla yetu.

Msalimu Lindsay. Mwambie amalize nusu ya juu.

Hedley


Garrow ya Juu,
1 Septemba 1991

Hedley,

Sina salamu.

"Umefumba kama ngumi ya mchoyo siku ya sadaka." Nililala na maneno hayo wiki tatu, nikijiuliza nimeyasikia wapi. Jumanne moja ya katikati ya Agosti nikiosha sufuria nikakumbuka. Sikuyasikia tu, niliyaandika. Mwaka wa arobaini na sita Baba aliungua mkono na mafuta ya trekta, akawa anasema nami naandika katika kitabu chake. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Umeninakilia mwandiko wangu mwenyewe na hukuutambua.

Nikamwandikia Nesta. Amejibu kwa kadi yenye picha ya kinanda cha kanisa: "Mpenzi Merle, mplamu ulichanua tarehe 29 Julai, mweupe kama shuka, Hedley hakuuona, nilidhani alikuambia kwamba walimchukua kwa gari la wagonjwa tangu Juni. Anaendeleaje na nyonga yake?"

Anaendeleaje! Naulizwa mimi!

Tarehe 29 Julai. Siku hiyo nilikuwa nakuandikia ahsante. Hesabu mwenyewe siku arobaini na moja, kama huko ulikolala kuna kalenda. Ni Jumapili ijayo. Nusu ya chini, niliyoipogoa kwa neno lako, matumba yake yameshakuwa mekundu, na machache yamefunguka. Asubuhi nimetembea katikati ya mistari, nyuki wanalia juu yangu, kila mtu barabarani anapunga mkono na kuniambia, "Merle, kumependeza!" Nami nataka kuyafunga maua moja moja kwa kitambaa.

Sakitu ya Septemba haijawahi kutukosa hata mwaka mmoja. Unajua hilo.

Nyonga inauma? Sikuulizi.

Merle


Hobart, wodini,
8 Septemba 1991

Dada Merle,

Inauma.

Nilianza kukuandikia kurasa sita za sababu. Nimezisoma, zilikuwa nzuri, nimezichana. Nilikudanganya kwa sababu niliona haya kuwa mtu asiye na kazi. Nilidhani mwaka mmoja unafanana na mwingine, na kwamba nikichagua mwaka mzuri kitabuni utakuja mzuri. Mtu mzima wa miaka sitini na saba.

Muuguzi mmoja hapa, kijana wa kutoka Burnie, ameniuliza kwa nini silali. Nikamwambia nangojea hali ya hewa. Akasema, "Mzee, humu ndani hakuna hali ya hewa." Ni kweli, na ndilo lililokuponza wewe.

Leo ndiyo siku ya arobaini na moja. Sina ushauri. Sina tena haki ya kukushauri hata namna ya kuchemsha yai. Lindsay awashe moto katikati ya mistari kabla ya alfajiri, kama Baba alivyofanya. Asimwachie mama yake.

Usinisamehe haraka. Niandikie tu kilichotokea.

Hedley


Garrow ya Juu,
29 Septemba 1991

Kaka Hedley,

Ilikuja Jumanne, tarehe ishirini na nne. Jioni yake upepo ulikata, na nyota zikawa nyingi mno. Nilijua. Saa kumi alfajiri kipimajoto cha ukutani kilisoma nne chini ya sifuri.

Niliwasha matawi yote niliyopogoa. Yalipokwisha nikachoma maboksi, nikachoma uzio wa banda la kuku, nikachoma kiti cha Vern cha barazani. Moshi ulikwenda kwa jirani, ambaye halimi hata kitunguu. Nilikuwa nakimbia kutoka moto hadi moto na ndoo ya mafuta, mbwa ananifuata akidhani ni mchezo.

Saa mbili asubuhi kulikuwa na jua zuri sana, maua yametulia, meupe, hakuna hata moja lililoanguka. Ungepita barabarani ungesema tumepona. Nikachuma moja nikalipasua kwa kucha. Katikati jeusi. Nikapasua la pili. Nikaendelea mpaka vidole vikawa vyeusi, mti kwa mti, miti mia mbili, kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Sasa langu. Umesema Lindsay awashe moto. Lindsay hakukusalimu, kaka. Hajakusalimu tangu Machi. Amekwenda machimboni Magharibi, hakuaga vizuri, ameandika mara moja kuomba viatu vyake. Nilikuficha ili usije kunionea huruma, au ukanishauri niuze. Nimepogoa nusu ya chini peke yangu, na goti hili. Nilipofika mwisho wa mstari wa mwisho nikakaa chini ya mti na sikuweza kuinuka hadi mbwa alipokuja kunilamba. Nusu ya juu sikuigusa. Nilikuandikia kwamba tunaanza wiki ijayo. Hakukuwa na "sisi" wala wiki.

Miti mia na arobaini ya Baba imebaki misitu mitupu, haijakatwa hata kijiti, na kwa hiyo imechelewa. Asubuhi ile matumba yake yalikuwa bado yamefumba. Nimeyapasua kumi. Kijani, yote kumi. La kumi na moja nimeogopa.

Wewe ulidanganya nikapogoa. Mimi nilidanganya nikashindwa kupogoa. Baba angetuchapa wote kwa fimbo moja.

Trekta inakuja Jumatatu kwa nusu ya chini. Nimemwambia aache ya juu hadi mwisho wa Oktoba. Itafunguka wiki ya pili, na ikiungua hiyo nayo, atarudi kuichukua, nami sijui nitaamkia nini.

Nesta anasema wanakuruhusu kurudi nyumbani tarehe nne. Sitaki aniandikie yeye, kwake kila kitu ni kizuri. Nataka kujua la kitwitwi. Vifaranga vimetembea au havijatembea? Andika ulichokiona kwa macho yako. Pale usipofika, andika "sijafika". Nitalipenda neno hilo kuliko barua zako zote za mwaka huu.

Merle


Bandari ya Garrow,
13 Oktoba 1991

Dada Merle,

Barua yako ilinisubiri chini ya mlango, paka ameilalia. Niko nyumbani. Nina fremu ya chuma ya kutembelea, miguu minne, hivyo kwa jumla nina sita, na bado nyuki wananipita.

Sikukuandikia wiki iliyopita kwa sababu nilifika kwenye geti tu, na kutoka kwenye geti hakionekani kitu isipokuwa Nesta.

Leo nimetoka saa tatu. Nesta alitaka kunisindikiza.

"Nikushike mkono, Hedley?"

"Shika ulimi, mama, mkono ninao."

Akacheka, akanifuata vilevile, hatua kumi nyuma, akijifanya anakagua ua wa watu.

Nilikwenda hadi nguzo ya pili ya simu, pale uzio wa uwanja wa kriketi unapoanza. Ilinichukua dakika arobaini. Niliyoyaona ni haya. Dudley amepita amevaa kopo la aiskrimu kichwani, amelichora macho mawili kwa nyuma, na kunguru wa mabaka alilidonoa hata hivyo. Mbayuwayu, sita, juu ya waya. Na kitwitwi mmoja kwenye majani makavu kando ya uzio, hatua nne kutoka kwangu.

Nilisimama. Akainua mbawa akanionyesha miiba iliyo kwenye viungo vyake. Mimi nilikuwa siwezi kukimbia, yeye alikuwa hataki. Tulitazamana muda mrefu, mpaka Nesta akauliza kama nimekufa. Kisha akanyanyuka kidogo kujigeuza, nami nikaona chini yake.

Mayai manne, Merle. Mazima. Bado anaatamia.

Ningependa sana kukuandikia kingine. Nimekaa na kalamu hii tangu mchana nikikipenda. Lakini ni mayai. Sakitu haijaisha. Usilale, usimrudishe anayekuletea mafuta ya moto, na kama nusu ya juu imefunguka wiki hii, basi imefunguka mapema. Nesta ana mpwa mwenye gari la mizigo. Kesho atakuletea barua hii, maboksi yote ya duka la samaki, viti vyangu vinne na meza, na amesema atakaa huko kuwasha moto hadi utakapomfukuza. Meza ni ya mti mgumu, itawaka hadi asubuhi.

Jumapili ijayo nitakwenda tena kwa yule ndege.

Uwanja wenyewe, upande wa pili: sijafika. Gatini: sijafika. Mplamu wa kona ya kanisa: sijafika.

Hedley